Mwarubaini upi? Mitishamba haina budi kupimwa

Mtu akienda sokoni Kongowea mjini Mombasa, au Gikomba jijini Nairobi, akaulizia mwarubaini, atapewa. Hatakosa. Atapewa majani mabichi yaliyofungwa kwa kamba, au magome makavu, au unga wa rangi ya kijani uliotiwa katika chupa ambayo hapo awali ilikuwa na kitu kingine kabisa. Atalipa, ataondoka, na jioni atachemsha na kunywa. Swali ambalo hataliuliza, wala muuzaji hatalazimika kulijibu, ni hili: mwarubaini upi?

Swali hilo si la mzaha, wala silileti hapa ili kuwachokoza waganga wetu, ambao nawaheshimu. Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ni maneno, wala si magome na mizizi. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatuma wanafunzi wangu wakusanye majina ya mimea katika lugha za kwao, na kadiri daftari zinavyojaa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jina la mti, hata likiwa zuri namna gani, halitoshi kumhakikishia mgonjwa kile anachokunywa. Panahitajika shahidi wa pili. Shahidi huyo yupo, hana gharama kubwa, na alikuwapo kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Wanakemia humwita kromatografia ya utando mwembamba.

Lakini nianze na maneno, maana huko ndiko niliko mwenyeji. Mwarubaini ni jina lililotokana na arubaini, yaani hesabu ya maradhi ambayo mti huo unasemekana kuyatibu. Basi jina lenyewe halituambii mti ulivyo. Latuambia sifa zake, kama vile majina ya majigambo. Mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi, na wapo watu wa Pwani wanaouita mkilifi. Wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica. Sasa, upo mti mwingine wa ukoo uo huo, Melia azedarach, ambao hupandwa sana kwa ajili ya kivuli na maua yake ya zambarau. Huu nao, hasa katika nyanda za juu, wengi huuita mwarubaini, na wengine, wenye uangalifu zaidi, mwarubaini nusu. Matunda ya mti huu wa pili yana sumu iliyowahi kudhuru mifugo na hata watu.

Anayeijua miti hii hawezi kuikanganya ikiwa imesimama. Jani la mwarubaini halisi lina kikonyo kimoja chenye vijani vilivyojipanga pande mbili. Jani la Melia hugawanyika, kisha matawi yake hugawanyika tena. Mtoto wa shule aweza kuonyeshwa tofauti hiyo kwa dakika moja. Lakini yakaushe majani hayo, yatwange, uyachekeche, uyatie katika karatasi, kisha umwite yule anayeijua miti. Macho yake yatakuwa hayana kazi tena.

Walimu wa Kiswahili wataitambua hali hii mara moja, kwa sababu wameifundisha ubaoni mara nyingi. Neno moja lenye maana zaidi ya moja twaliita kitawe. Maneno mbalimbali yenye maana moja twayaita visawe. Mimea yetu imejaa vyote viwili. Mwarubaini ni kitawe. Kwa visawe, tukumbuke mwaka 2011, maelfu ya watu, Wakenya wakiwa miongoni mwao, walipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana zaidi kama Babu wa Loliondo, ambaye aliaga dunia mwaka 2021. Mti aliotumia ulitajwa huko kwa jina la mugariga. Wengi waliopanga foleni kwa siku kadhaa barabarani, wakilala ndani ya magari, hawakujua kwamba mti huo Wakikuyu huuita mukawa, Wamaasai olamuriaki, na Waswahili mtandamboo. Vitabu vya mimea viliuita Carissa edulis na sasa huuita Carissa spinarum. Yawezekana kabisa kwamba mtu alisafiri kutoka Kenya hadi Samunge kuufuata mti uliomea nyuma ya nyumba yake. Iwapo ulimfaa au haukumfaa ni mjadala mwingine. Ninalosema ni kwamba jina lilimficha.

Katika karatasi ya mtihani, kitawe kisipotambuliwa kinamkosesha mwanafunzi alama. Katika dawa hasara yake huwa kubwa zaidi, na anayedhani kwamba haya ni mabishano ya wasomi tu na ayatazame yaliyotokea nchini Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja jijini Brussels ilikuwa ikiwapa wanawake dawa za kupunguza unene, ambazo ndani yake mlitiwa unga wa mitishamba ya Kichina. Mtishamba mmojawapo ulikusudiwa kuwa Stephania tetrandra, ambao kwa Kichina huitwa han fangji. Upo mmea mwingine usiohusiana nao, Aristolochia fangchi, uitwao guang fangji. Mahali fulani kati ya shamba na kliniki, fangji moja ilikaa mahali pa fangji nyingine. Mwaka 1993 madaktari wa huko walichapisha habari za wanawake ambao figo zao zilikuwa zikiharibika kwa kasi isiyo ya kawaida. Hatimaye waliodhurika walizidi mia moja. Wengi wao ilibidi wasafishwe damu kwa mashine au wapandikizwe figo, na baadaye baadhi yao wakapatikana na saratani ya njia ya mkojo. Unga ulipochunguzwa ilidhihirika kwamba shehena nyingi hazikuwa na tetrandrini, kemikali ambayo Stephania hutambulikana kwayo. Badala yake mlikuwa na asidi aristolokia, ambayo ni sumu ya figo.

Sijui kisa kingine kinachonishtua zaidi, kama mtu wa lugha, kuliko hicho. Si lazima pawe na mlaghai. Yatosha pawe na neno moja, unga mmoja, na pasiwe na mtu aliyejali kuutazama unga kabla ya kuuamini utambulisho wake. Leo hii kitabu cha viwango vya dawa cha nchi za Ulaya kina jaribio la kuitambua asidi hiyo katika mitishamba, na jaribio hilo hufanywa kwa njia ya utando ninayoitetea hapa.

Njia yenyewe ikoje? Chukua kipande cha kioo au cha bati la alumini kilichopakwa unga laini wa silika, unene wake kama robo milimita. Huo ndio utando. Tia mtishamba uliotwangwa katika spiriti, uache kidogo, uchuje. Kwa mrija mwembamba kama unywele weka kitone cha maji hayo karibu na ukingo wa chini wa kioo. Kando yake weka kitone cha pili, kilichotoka katika mmea ambao mtaalamu ameuthibitisha. Kisha kisimamishe kioo ndani ya gudulia lenye kifuniko ambalo chini yake mna kiyeyushi kidogo, kina chake kisifikie vile vitone. Kiyeyushi kitaanza kupanda utandoni kama mafuta ya taa yapandavyo utambi wa koroboi. Kinapopita kwenye kitone huyabeba yaliyomo, lakini hakiyabebi kwa usawa. Yale yanayoshikamana na silika hubaki nyuma. Yale yanayopendelea kiyeyushi huenda nacho mbali. Baada ya nusu saa hivi, kitone kimoja kimekuwa safu ya madoa.

Madoa mengine huonekana kwa macho. Mengine hujificha mpaka yaangaziwe kwa taa ya urujuanimno, ambapo klorofili huwaka nyekundu kama kaa la moto. Mengine hayajitokezi mpaka yanyunyiziwe dawa maalumu na kioo kipashwe joto, ndipo zambarau, samawati na kijani hujitokeza moja baada ya nyingine. Umbali uliosafiri doa hugawanywa kwa umbali uliosafiri kiyeyushi: kiyeyushi kikipanda sentimita 8 na doa sentimita 4, uwiano wake ni 0.5. Maadamu utando, kiyeyushi na hali ya hewa ndani ya gudulia ni vilevile, doa lile litafika palepale, iwe Nairobi, Munich au Beijing. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya mmea.

Nilipoisoma historia ya njia hii nilikuta jambo ambalo walimu wa sayansi wangefaa kuwasimulia wanafunzi. Neno kromatografia lilibuniwa na mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Mikhail Tsvet, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alipitisha maji ya majani katika mrija uliojazwa chokaa akaona rangi zikijitenga. Aliliunda kwa Kigiriki, kutokana na maneno yenye maana ya rangi na kuandika. Ajabu ni kwamba kwa Kirusi jina lake, Tsvet, lina maana ya rangi. Wanaisimu hatupendi kuamini sadfa, lakini hilo nawaachia Warusi. Muhimu zaidi ni kwamba mwaka 1938, huko Kharkov, Nikolai Izmailov na Maria Shraiber waliutandaza unga juu ya kioo badala ya kuujaza katika mrija, na walichokuwa wakitafuta ni njia ya haraka ya kupima dawa zilizotengenezwa kwa mimea. Yaani kwa asili yake njia hii ni ya mitishamba. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Egon Stahl aliisawazisha, unga na unene wa utando ukawa na vipimo vinavyojulikana, ikaenea duniani kote.

Sikuridhika na vitabu. Nilimpelekea mwenzangu wa idara ya kemia bahasha mbili za unga wa majani, zote mbili zimeandikwa neno moja tu: mwarubaini. Majani ya bahasha ya kwanza yalichumwa Pwani. Ya pili yalitoka katika mti wa kivuli wa nyanda za juu. Mwenzangu huyu si mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Alipaka vitone viwili, akafunika gudulia, akaniambia nikanywe chai. Niliporudi alizima taa ya chumbani akaniwashia ile ya urujuanimno. Kwanza nilivunjika moyo, kwani safu zote mbili zilikuwa na wekundu uleule wa klorofili. Akacheka. Akanyunyizia dawa yake, akakipasha kioo joto, na mbele ya macho yangu safu mbili zikaachana njia: madoa yaliyokuwa katika moja hayakuwapo katika nyingine, na yaliyolingana kimo hayakulingana rangi. Mtu ambaye hangeweza kunieleza tofauti kati ya kisawe na kitawe alikuwa amekitatua kitawe changu kwa kipande cha kioo.

Sitaki msomaji atoke hapa akidhani kwamba utando ni mganga mpya. Hauna uwezo wa kusema kwamba dawa inaponya. Waweza kuthibitisha kwamba unga huu ni mwarubaini halisi, na mwarubaini huo usimfae kitu mgonjwa mwenye malaria ambaye alipaswa kupelekwa hospitalini jana. Aidha madoa mawili yaweza kufika mahali pamoja yakiwa ni vitu tofauti, na kwa sababu hiyo mpimaji makini hurudia kwa kiyeyushi kingine na kunyunyizia dawa nyingine. Kiasi hasa cha kemikali hakipimwi vizuri kwa jicho. Hilo lahitaji mitambo ya bei kubwa. Na mmea wa aina moja waweza kutofautiana kidogo kulingana na udongo, msimu na umri. Mapungufu hayo yajulikane. Lakini kupinga utando kwa sababu haumalizi kazi yote ni sawa na kumfukuza bawabu kwa sababu hajui kupika.

Ipo kazi nyingine ambayo bawabu huyu anaifanya vizuri mno, nayo ni kuwanasa wanaotia dawa za viwandani ndani ya mitishamba. Katika nchi mbalimbali imewahi kugunduliwa kwamba mitishamba iliyosifiwa kwa kuondoa maumivu ya viungo ilikuwa imechanganywa na deksamethasoni, ile ya kisukari na glibenklamidi, na ile ya nguvu za kiume na sildenafili. Mgonjwa husifu mizizi, kumbe aliyemtuliza ni kidonge kilichosagwa, tena bila kipimo. Mwenye kisukari aweza kuzimia kwa sukari kushuka, huku jamaa zake wakiapa kwamba amekunywa majani tu. Kipande cha kidonge halisi kikipakwa kando ya unga unaoshukiwa, doa lake huusaliti unga huo.

Wala tusiambiwe kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika moja la Ujerumani, GPHF, limekuwa likisambaza maabara ndogo zinazobebeka ambazo nguzo yake kuu ni utando huuhuu, ili vidonge bandia vya malaria, kifua kikuu na maradhi mengine vitambuliwe mbali na miji mikuu. Maabara hizo zimetumika hapa Kenya na kwa majirani zetu Tanzania. Kama twaweza kuvipima vidonge hivyo, kwa nini tusiipime mitishamba? Taasisi yetu ya utafiti wa matibabu, KEMRI, ina kituo cha dawa za kiasili. Hatuanzi na mikono mitupu. Tunachokosa ni mazoea ya kuuliza.

Na hapa ndipo pananiuma. Mti ambao Wakikuyu huuita muiri na Wakalenjin tenduet, yaani Prunus africana, gome lake limesafirishwa kwa miaka mingi kwenda Ulaya kutengenezewa dawa ya wazee wenye uvimbe wa tezi kibofu. Limechumwa mno hata ikabidi mti huo uwekwe chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, tangu mwaka 1995. Gome hilo likifika kiwandani huko, haliingii katika kidonge kabla ya kupimwa na kuthibitishwa kwamba ni lenyewe. Basi mzee wa Ulaya anahakikishiwa gome la muiri, na mzee wa kijijini ambako muiri wenyewe ulimea anauziwa unga asioujua. Sioni sababu ya haki inayoweza kutolewa kutetea hali hiyo.

Waganga wenyewe wana hofu, na si hofu ya kudharauliwa. Mzee mmoja, mkunga na mwuguzi wa jadi, ambaye mwanafunzi wangu alinipeleka kwake, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mkishaupima mti wangu, mimi nitabaki na nini?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Ni kweli kwamba maarifa ya wazee wetu yameibwa mara nyingi. Bunge letu lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili, lakini sheria iliyo kabatini haimlindi mzee aliye kilimani. Nilichomweleza, na ninakirudia hapa, ni kwamba utando hauonyeshi siri yake. Hauonyeshi gome huchumwa msimu gani, huchemshwa kwa muda gani, huchanganywa na nini, wala hupewa mgonjwa yupi na kunyimwa yupi. Hayo yamo kichwani mwake. Utando unaonyesha tu kwamba hii ni dawa ya mti ule, wala si ya mti mwingine. Kwa hiyo mwenye kuumia zaidi kwa kupimwa si yeye, bali mchuuzi wa kituo cha basi anayeuza maganda yoyote kwa jina alilolijenga mzee huyu kwa miaka 40. Alitikisa kichwa, sikujua kama ni kwa kukubali au kwa kunihurumia.

Sasa nigeukie wenzangu walimu. Vizazi vya wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 vilifundishwa kromatografia katika Kidato cha Kwanza. Walikata karatasi ya chujio, wakatia tone la wino, wakatazama rangi zikitengana, wakaandika fasili kwa Kiingereza, wakapata alama, wakasahau. Nimewauliza wanafunzi wengi wa chuo kikuu, na ni wachache mno waliowahi kuambiwa kwamba kazi ile ina uhusiano wowote na chupa ya dawa iliyo chini ya kitanda cha nyanya yao. Somo liliishia kwenye wino. Mtaala wa umilisi unadai kwamba mafunzo yafungamane na maisha ya jamii. Haya basi, mafungamano ndiyo hayo. Karatasi ya chujio na spiriti kidogo vyatosha kutenganisha rangi za majani ya mchicha na ya mwarubaini, na shule iliyo na maabara nzuri yaweza kupanda ngazi hadi kwenye utando wenyewe, mradi mwalimu awepo, madirisha yawe wazi, na viyeyushi visikaribiane na moto. Ile dawa ya kunyunyizia ina asidi kali ya salfa, hivyo hiyo iachwe kwa chuo.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mganga huzungumza Kiswahili au lugha ya mama, mkemia huandika Kiingereza, na mgonjwa yuko katikati. Tukimweleza mganga kwamba dawa yake inakwenda kufanyiwa jambo ambalo hata kulitaja hawezi, tusishangae akifunga mlango. Ninapendekeza utando badala ya tabaka, ambalo wengine hulitumia, kwa sababu kila mtu aliyechemsha maziwa anaujua utando: kitu chembamba, kilichotandaa juu ya kingine. Tabaka huleta mawazo ya udongo na ya matajiri na maskini. Dar es Salaam walitutolea kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba yetu ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna anayetuzuia kuitumia lugha hii maabarani isipokuwa sisi wenyewe.

Wala tusidhani kwamba sayansi hukopesha maneno tu bila kukopa. Katika miaka ya 1970 wanakemia walioshughulikia magome ya miti ya Warburgia, mmojawapo ukiwa ule ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wakalenjin soget, walipata humo kemikali kali zinazowazuia viwavijeshi kula. Moja waliiita warburganali, kwa jina la kitaalamu la mti. Nyingine wakaiita muzigadiali, kutokana na muziga, jina la mti huo kama watu wa huku wanavyolitamka. Neno la wakulima wetu limo katika majarida ya kemia ya dunia nzima, nasi hatujawahi kulitia katika somo la Kidato cha Kwanza.

Mwalimu yeyote atakayependa kuanza mwaka huu, wa Kiswahili na wa kemia wakishirikiana, na aanze na mimea mitano tu inayotumiwa kijijini. Jani lichukuliwe kabla ya kutwangwa, likiwa na tawi, na ua au tunda kama lipo. Liandikwe jina lake kwa lugha ya mahali, lugha hiyo itajwe, pamoja na mahali, tarehe, sehemu ya mmea inayotumiwa, na jina la aliyelitaja iwapo ameridhia. Sampuli moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe kwa wataalamu wa mimea. Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yana hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki nzima. Ya tatu, iliyosagwa, ndiyo itakayopandishwa kwenye karatasi au utando. Kwa kukaushia majani, hakuna kitu kinachoshinda gazeti kuukuu lililowekewa mawe juu. Karatasi zibadilishwe kila siku hadi jani likauke kabisa, la sivyo litaota ukungu.